Ameenda Kwao

Sijawahi kugombana na mtu mzima kwa muda mrefu kiasi kile na bado nikampenda. Alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Alitoka Zambia, upande wa Chipata, ambako nako wanalima pamba, na mimi ndiye niliyekuwa ofisini nikishughulikia vibali vyake. Kwa hiyo hofu zake zote zilipita mezani kwangu kwanza, ndipo zikaenda kwa Mungu.

Jina lake mnisamehe, siliandiki. Alikuja na la kwao, kisha mama yangu akampa la kwetu, na hilo la pili ndilo lililotaka kumponza. Mafundi tulikuwa nao wengi, lakini ukisema Fundi bila kuongeza kitu, kiwanda kizima kilijua unamsema yeye.

Alikuwa na neno lake moja: "Naruhusiwa?" Akifika kwa mama ntilie, kabla hajakaa kwenye benchi, naruhusiwa? Akitaka kuchota maji ya kunawa, naruhusiwa? Siku moja kanisani watu wamesimama kwenda kutoa sadaka, akaniinamia sikioni akauliza kama wageni nao wanaruhusiwa. Nikamwambia Fundi, hakuna kanisa lililowahi kumkataza mtu kutoa sadaka, hebu nenda huko. Vijana wa bodaboda pale stendi wakaacha kumwita Fundi, wakamwita Naruhusiwa, naye akawa anaitika.

Sare alikuwa anaziogopa zote. Mgambo wa soko, mlinzi wa benki, hata skauti wanaoongoza magari siku ya mahafali. Tukitembea, akiona sare mbele, mkono unakwenda kwenye mfuko wa shati, kwenye pasipoti aliyoifunga ndani ya nailoni. Anaigusa, anashusha pumzi, tunaendelea. Nilimwambia hao wanawatafuta bodaboda wasiovaa helmeti, hawana habari na wewe. Akanijibu kwamba asiye na habari na wewe leo, kesho anaweza kuwa nayo. Ukibishana na mtu wa namna hiyo unaumwa kichwa bure.

Sasa mtu huyohuyo umwone mbele ya mashine. Alikuwa anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye beringi, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Watu wote wananyamaza, ingawa kwa kelele za pale kunyamaza kwetu hakukusaidia lolote. Akifumbua macho anasema ipi inakufa na ipi inalalamika tu. Msimu mmoja malori yamejipanga mpaka barabarani, wakulima wanalala juu ya magunia, meneja anataka mashine iendelee hivyohivyo mpaka jioni. Fundi akazima umeme, akasimama mbele ya swichi na mikono yake ya grisi. Meneja akamfokea asogee. Fundi akamwambia kwa upole kabisa, "Huruhusiwi." Mashine ikafunguliwa, beringi ikakutwa imeshakuwa nyekundu. Nilicheka wiki nzima, ila kicheko changu kilikuwa na wasiwasi ndani yake, kwa sababu meneja ndiye anayesaini barua za kumwombea kibali.

Hapo kwenye kibali ndipo maisha yake yote yalipokuwa yamening'inia. Miaka ya kwanza alikuwa anakuja kwa kile cha muda mfupi: anafika kabla ya msimu, anatengeneza mashine, kibali kinaisha, anarudi kwao. Mwaka unaofuata tena. Katika maisha ya hivyo mtu hanunui kitanda. Chumba alichopanga mjini kilikuwa na godoro sakafuni, jiko la mafuta, na begi ambalo halikuwahi kufunguliwa lote. Mke wake alibaki Chipata, kwa sababu kibali kifupi hakimruhusu mtu kuleta familia. Walikuwa wanaongea kwa simu kila jioni, na akimaliza alikuwa anakaa na simu bado mkononi.

Kiwanda kikaamua kumwombea kibali cha muda mrefu, cha mtaalamu, aajiriwe mwaka mzima. Jamani, kazi ile! Vyeti vithibitishwe, mkataba, maelezo ya kwa nini hakupatikana Mtanzania, kisha mpango wa namna atakavyowarithisha vijana wetu ujuzi ili siku moja waifanye kazi yake bila yeye. Huo mpango ndio uliomnyima usingizi. Akaniambia, "Dada, nikiwafundisha vibaya, watasema sifai. Nikiwafundisha vizuri, watasema sihitajiki." Nikamjibu awafundishe vizuri, hayo mengine tumwachie Mungu na meneja. Akawafundisha vizuri. Hakuwa anajua namna ya kufundisha vibaya.

Mama yangu anaishi Sapiwi, kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu baba, akiwa na ng'ombe wachache na mashamba ya pamba na viazi. Fundi nilimpeleka mimi, sikukuu moja ya Krismasi, baada ya kumkuta chumbani kwake anakula mkate mkavu. Alipofika mlangoni akapiga magoti kidogo, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimia kwao, akasema, "Amayi." Kwa lugha yao ni mama. Na kwa Kisukuma mama ni mayu. Basi, mama yangu akasikia mayu. Akanigeukia akaniambia kwa Kisukuma kwamba nimemdanganya, huyu si mtu wa mbali, mtu wa mbali angejuaje mayu? Nikamweleza habari za lugha za jamii moja. Akasema hiyo ndiyo anayoisema yeye, jamii moja.

Tangu siku ile Jumamosi za Fundi zikawa za Sapiwi. Akipata dagaa sokoni anapeleka dagaa, akikuta michembe anarudi nayo mjini, vipande vya viazi vilivyokaushwa vimejaa mifukoni anavitafuna kazini. Mama alikuwa hamwekei kiti. Fundi alikuwa anaingia jikoni mwenyewe, anafunua chungu mwenyewe, na akikuta mboga imekwisha analalamika kama tulivyokuwa tunalalamika sisi. Kiswahili chake alijifunzia hapo, kwa hiyo kilitoka na Kisukuma chote. Kuna siku alipiga simu ofisi moja kubwa kuulizia maombi yake, yule dada wa simu alipomaliza kumweleza, Fundi akamwambia wabeja. Yule dada akauliza, nini? Nikamnyang'anya simu nikasema asante.

Kwao wana msemo kwamba mgeni ni umande, jua likitoka hayupo. Alikuwa anaupenda sana, anausema akiwa na huzuni. Mama akamjibu kwa msemo wetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mama si mtu wa kusema tu. Akampa jembe kweli, na kipande cha shamba nyuma ya zizi. Fundi akapanda viazi. Kisha mama akampa jina, jina la ukoo wa babu yangu, na majirani wakaanza kumwita hilo. Mimi nilianza kuogopa hapo. Nilimwambia mama kwamba hilo jina ni la upendo, sawa, lakini tuliache hapa nyumbani. Akanitazama kama nimesema neno chafu.

Mama alikuwa anaulizia kibali kila wiki. Wamempa? Bado. Mbona bado? Nikamwambia wanachunguza. Akaenda na hilo neno, kumbe analichemsha kichwani. Kwetu mtu haingii kijijini akapata pa kukaa mpaka apate wa kumsimamia. Nyumba moja isimame iseme huyu ni wetu, basi imekwisha. Mama akaona tatizo la Fundi ni hilo tu: serikali haijui kwamba ana watu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Akaja ofisa wa uhamiaji na dereva wake, kuthibitisha yaliyoandikwa kwenye maombi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, kwa lafudhi mtu wa Tanga. Kiwandani akaona mashine, akaongea na wale vijana wanaofundishwa, akaridhika. Kisha akaomba apelekwe anakoishi mwombaji, nami nikafuatana nao. Tukamkuta mama mwenye nyumba anafua uani. Ofisa akamuuliza mpangaji wake yuko wapi.

"Hayupo," akasema yule mama bila kuacha kufua. "Ameenda kwao."

Ofisa akauliza, kwao Zambia? Mama mwenye nyumba akacheka. Akasema aa, kwao hapo Sapiwi, kila Jumamosi anaenda kwao kulima.

Nilitaka kusema kitu, nikaona kila ninachotaka kusema kinazidi kuharibu. Ofisa akalirudia lile neno polepole, kwao, kisha akasema twendeni tukaone huko kwao. Ndani ya gari nikajaribu kumtumia Fundi ujumbe. Ofisa, bila hata kugeuka, akaniambia, "Dada, simu iweke kwenye mkoba." Nikaiweka. Kibali kile kifupi kilikuwa kinakaribia kuisha. Kama angeandika kwamba huyu mtu anajifanya raia, hakuna cha kibali kirefu wala kifupi. Angepelekwa mpakani na jina lake kuandikwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kurudi. Na mke wake kule Chipata alikuwa ameshaanza kugawa vyombo vyake kwa majirani, maana Fundi alikuwa amemwambia safari hii wajiandae.

Tukamkuta shambani, miguu imejaa udongo, jembe mkononi. Alipoona gari la serikali, mkono ukaenda kifuani, na kwa mara ya kwanza mfukoni hapakuwa na kitu, kwa sababu alikuwa amevaa fulana ya kulimia. Nikaona uso wake ulivyobadilika.

Mama akatoka ndani anatabasamu. Ofisa akamwamkia shikamoo kwa adabu, mama akaitika, akaagiza viti. Nikaanza kumkonyeza. Akaniuliza kwa sauti mbele ya watu wote, unanikonyeza nini? Kisha akasimama wima, akajifunga khanga vizuri, akaanza kusema maneno ambayo naamini alikuwa ameyapanga kwa wiki nyingi.

"Afande, mmefika vizuri. Huyu si mgeni. Huyu ni mtoto wa nyumba hii. Ana jina la hapa, ana shamba hapa, ni hilo mnaloliona. Sasa ninyi mnamwandikia kibali cha nini? Kuna mtu anaombewa kibali kwao?"

Na lile jina akalitaja. Jirani mmoja aliyekuwa amesogea kuangalia gari akaitikia kwamba ni kweli kabisa, huyu ni mtu wa hapa. Alidhani anasaidia. Wote walidhani wanasaidia.

Ofisa akaacha kutabasamu. Akatoa kalamu. Akamwomba Fundi asogee, akamuuliza kwa sauti ileile ya upole, huyu mama ni nani kwako? Nikafungua mdomo. Akaninyooshea kidole nisijibu.

Fundi akamwangalia mama. Nilijua anachokifikiri, kwa sababu nami nilikuwa nakifikiri hichohicho. Akisema ni mama yangu, kama alivyokuwa amesema kila Jumamosi, amekwisha.

"Si mama yangu," akasema. "Ni mama wa mfanyakazi mwenzangu. Mimi ni mgeni, raia wa Zambia. Hilo jina si langu. Shamba si langu. Huwa nakuja kusalimia tu."

Ofisa akamwomba arudie taratibu, ili aandike. Kwa hiyo akarudia. Sentensi moja, ofisa anaandika, anainua kichwa, ehe, halafu? Sentensi nyingine. Si mama yangu. Kalamu inakwaruza. Shamba si langu. Kalamu inakwaruza. Mimi nilikuwa naangalia chini, na nilikuwa nasali wamalize.

Walipomaliza, mama akamsogelea Fundi, akachukua jembe mkononi mwake, bila kulivuta, akaenda kuliegemeza ukutani. Kisha akamuuliza ofisa kama atakunywa maji. Ofisa akanywa, akashukuru, akatuaga kwa heshima. Kwenye gari aliniambia kwamba amesikia aliyotaka kuyasikia, na kwamba nimwambie mama yangu awe anaangalia maneno yake, kuna wenzake wengine wasingeuliza mara ya pili. Alikuwa mtu mwema. Nilimchukia hata hivyo, njia nzima.

Baada ya hapo tukasubiri. Nilikuwa nafungua mfumo wa vibali kwenye kompyuta asubuhi kabla sijavua hata koti, na Fundi alikuwa anapita dirishani kwangu kila saa kwa visingizio. Mara anatafuta glovu, mara anauliza saa wakati saa iko ukutani kwao. Natikisa kichwa, anaondoka. Alikonda. Sapiwi hakwenda tena. Nilimwambia aende amwombe mama msamaha, akasema je, wakirudi kuchunguza wakamkuta kule? Nikamgombeza, nikamwambia woga utamuua kabla ya uhamiaji. Lakini alikuwa na haki ya kuogopa. Kwa mama nako nilishindwa. Kila nikianza kumweleza sheria, ananiuliza habari za bei ya pamba.

Kibali kikatoka. Nilipomwonyesha alikisoma kimya, akaniomba nimsomee tena kwa sauti, akakaa kwenye kiti cha wageni ofisini kwangu bila kuuliza kama anaruhusiwa, akalia. Mimi nikalia. Meneja akachungulia, akafunga mlango. Mwezi huohuo Fundi alinunua kitanda na kabati, na mke wake akafika kwa basi kupitia Tunduma, miguu imevimba, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha karibu, ambaye Kiswahili alikuwa hajui hata kidogo.

Kwa desturi huwezi kuleta mke halafu usimpeleke kwa wakubwa. Fundi akaniomba niende kwanza kwa mama nikaulize. Mama akanijibu waje, nyumba yake haijawahi kufukuza wageni. Hilo neno la mwisho nilimficha Fundi. Nilimwambia tu kwamba amesema mje.

Tukafika Jumapili mchana. Mama alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Sebuleni viti vimepangwa, meza imetandikwa kitambaa cha kufuma ambacho mimi mwenyewe nilikiona mara ya mwisho siku ya mahari yangu. Fundi alipotaka kupita kwenda jikoni, mama akamwonyesha kiti. Karibu, mgeni, keti. Akaketi. Kukaletwa soda kwenye sinia. Kukaletwa maji ya kunawa, na mama mwenyewe akammiminia. Kuku alikuwa amechinjwa, na finyango nono akawekewa yeye, na kila alipopunguza kula mama alimsihi, kwa Kiswahili safi kuliko anachokisema siku zote, ajisikie huru, mgeni wetu. Chakula kilikuwa kitamu na hakuna aliyeusikia utamu wake. Fundi alikula chote. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Mke wake alikuwa anatuangalia mmoja mmoja anatafuta pa kucheka.

Walipoaga, mama akachukua mtandio wake, akasema twendeni niwasindikize.

Sijui kwingine ikoje. Kwetu mgeni ndiye anayesindikizwa. Mtoto wa nyumbani anajiendea tu, na mara nyingi anagombezwa akiwa tayari njiani kwa alichosahau. Fundi alikuwa amekaa nasi kiasi cha kulijua hilo. Akasimama hapohapo mlangoni akamwambia, "Mama, baki. Usinisindikize, nakuomba."

"Serikali imeandika wewe mgeni," mama akasema. "Nilikuwepo, nilisikia. Mimi sibishani na serikali."

Akatangulia. Tukamfuata mpaka barabarani pale pikipiki zinaposimama. Mama akamtakia Fundi safari njema, akampa mkono, mkono wa kuagana na mtu usiyejua utamwona lini. Fundi akaupokea kwa mikono yake miwili na hakuuachia. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, mtu mzima, mbele ya vijana wa bodaboda. Mama alisubiri mpaka alipouachia mwenyewe.

Kisha akamgeukia yule mke, aliyekuwa ameshaanza kupanda pikipiki, akamshika kwenye kiwiko akamshusha.

"Mgeni nimeshamsindikiza," akasema. "Wewe mwanamke unakwenda wapi na vyombo havijaoshwa?"

Yule mke hakuelewa neno hata moja. Akaniangalia mimi, akamwangalia mume wake, kisha mama akamvuta mkono na wakaanza kurudi pamoja, mama anaongea Kisukuma, yeye anajibu kwa lugha yao, na kufika kwenye zizi wote wawili wanacheka sijui nini. Fundi akapiga hatua moja kuwafuata, akasita. Akanitazama, na safari hii hata kuuliza hakuweza. Nikamwambia akae hapo barabarani asubiri mkwe wa nyumbani amalize kuosha, vyombo vilikuwa vingi.